Mnyororo wa Rosaire

Rosaire Thibodeau hakuwahi kushindana hata siku moja. Naanza na hilo kwa sababu gazeti la wilaya, lilipotangaza kifo chake kwa mistari minne, lilimwita "mshindani mkongwe wa mbio za magari ya matope". Hakuwa mshindani. Kwa miaka arobaini na moja alikuwa mtu wa trekta. Alikaa pembeni mwa shimo na mnyororo wake, akingoja wenzake wakwame. Aliyeandika mistari ile nadhani hajawahi kukwama mahali popote, na mtu wa namna hiyo huwezi kumweleza tofauti.

Alizaliwa wa saba katika watoto kumi na mmoja, hapa hapa Saint-Aubert, kaskazini kabisa mwa Maine, ambako mto ndio mpaka wetu na Kanada na viazi ndivyo kila kitu kingine. Aliacha shule darasa la nane. Alifanya kazi miaka thelathini na minane kwenye ghala la viazi, amesimama mbele ya mkanda unaotembea, akitoa vilivyooza na mawe. Alioa mara moja, akafiwa na mkewe Jeannine mapema, akalea binti mmoja, Noëlla. Hakusafiri kwenda kokote. Ukiyapima maisha yake kwa vipimo vya siku hizi, hakufanya chochote.

Lakini mwaka 1971, theluji ilipoyeyuka, lori la Armand Cyr lilizama kwenye bonde la shamba lake mwenyewe, na Rosaire akaja na trekta nyekundu aliyorithi kwa baba yake. Wanaume kama ishirini walikusanyika kutazama. Trekta nayo ikazama. Wakaleta nyingine kuivuta ile, na ya tatu kuivuta ya pili, mpaka jioni shamba zima lilikuwa watu waliopakaa tope hadi kwenye nyusi, wakicheka kama wendawazimu, huku wanawake wakiwaletea kahawa na ploi, zile chapati zetu nyembamba za ngano nyeusi. Agosti ya mwaka ule ule, kabla ya kuvuna, watu wakamwomba Armand wafanye tena, safari hii kwa makusudi. Hivyo ndivyo mbio zetu zilivyoanza. Hakuna aliyezibuni. Mtu alikwama, watu wakaja.

Kila mwaka zimamoto walilijaza bonde maji. Maharage yalizikwa kwenye shimo la makaa usiku wa kuamkia siku hiyo, pamoja na nyama ya nguruwe ya chumvi, yafukuliwe mchana. Padri alikuja na ndoo ya maji ya baraka na kuyanyunyizia magari, kisha akavua viatu na kushika saa ya kupima muda. Magari yenyewe yalikuwa mikweche ya kazi, pikapu zilizobeba mbolea Ijumaa na kushindana Jumamosi. Ulikuwa unamjua kila dereva, na mama yake, na sababu ya yeye kutozungumza na kaka yake. Na kaka huyo huyo ndiye angemsukuma kutoka nyuma, tope likimrukia mdomoni.

Utaratibu wetu haukuandikwa popote. Mtu hakuondoka shambani mpaka gari la mwisho litoke. Awe na ng'ombe wa kukamua, awe na mgonjwa nyumbani, alisimama akangoja. Na aliyevutwa ndiye aliyeosha mnyororo. Si mtu mwingine kwa niaba yake. Alipewa ndoo, akachuchumaa mbele ya watu wote, akaosha pete moja moja kwa mkono mtupu, pete mia na themanini na sita, na kulabu zote mbili.

Wageni walidhani ni adhabu ya kuchekesha watu. Ilichekesha, kweli. Lakini Rosaire alikuwa na sababu yake. Tope huficha ufa. Kila chuma kinapovuta tani tatu kutoka kwenye udongo unaonyonya, kitu fulani ndani yake kinachoka, na huwezi kukijua mpaka kidole kikipitie.

"Kwa kidole, bwana, kwa kidole!" alikuwa akifoka. "Weka hicho kitambaa chini. Unaosha mnyororo, humfuti mtoto makamasi."

"Maji ya baridi, Rosaire!"

"Ulipozama hukuuliza kama yana joto."

Mimi alikuwa akiniita Profesa, kwa sababu nilisoma vitabu kwenye lori nikisubiri kupakiwa viazi. Sikwenda shule zaidi yake. Maktaba ya parokia ilikuwa na rafu sita, nikazimaliza zote, nikaanza tena. "Profesa," alikuwa akisema, "kitabu chako kinasemaje kuhusu klachi iliyoungua?" Jina langu ni Onésime, lakini nadhani hakulitaja mara kumi katika maisha yetu.

Sasa nitaeleza jambo la mwaka 1988, kwa sababu bila hilo haya mengine hayana maana.

Nilikuwa na pikapu nyeupe niliyoipaka rangi upya, na nilikuwa nimeipa jina la Bibi Arusi. Ilikuwa kosa kuipa jina hilo. Nilipoingia shimoni iliruka mara mbili, ikageuka ubavu, ikakaa chini polepole mpaka tope likapita madirishani. Kwenye kipaza sauti Armand akatangaza, "Mabibi na mabwana, Bibi Arusi ameingia chooni na gauni lake!" Watu mia nne walicheka. Padri alicheka mpaka akaidondosha saa.

Rosaire alinitoa kwa dakika kumi, taratibu, bila kukwaruza hata mlango. Kisha akanitupia mnyororo miguuni. "Haya, bwana harusi. Osha."

Nilikuwa na hasira. Harufu ya maharage ilikuwa imeanza kufika, foleni ilikuwa inarefuka, na nilitaka kula na kuondoka kabla Armand hajapata jina jingine la kuniita. Rosaire alikuwa amegeuka kuzungumza na dereva aliyefuata. Nikauchovya mnyororo kwenye ndoo mara tatu, kama mtu anayechovya majani ya chai. Nikaurudisha.

"Umeosha?"

"Nimeosha."

"Wote?"

"Nimekwambia nimeosha, Rosaire."

Akauchukua. Hakuukagua, kwa sababu katika utaratibu wetu neno la aliyeosha lilitosha. Gari lililofuata lilikuwa zito kuliko langu. Lilikuwa limetoka nusu pale mnyororo ulipokatika, na kipande kilichobaki kwenye trekta kikarudi nyuma kama mjeledi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika ukingo wa bati linalofunika tairi la trekta. Vidole viwili vya mwisho vilikatika pale pale.

Alifungwa taulo. Akapelekwa hospitali. Na watu mia nne waliobaki wakalitoa lile gari kwa kamba na mabega, saa mbili nzima, kwa sababu lilikuwa bado limo. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilisukuma kuliko wote. Nilidhani nikisukuma vya kutosha jambo litaisha.

Fundi wa kuchomelea alitia pete mpya mahali pa ile iliyokatika, na mwaka uliofuata Rosaire alikuwepo na vidole vyake vitatu. Hakuna aliyeuliza nani aliosha. Mimi sikusema. Kila Agosti nilijiambia nitasema mwaka huu, na kila Agosti kulikuwa na maharage, na vicheko, na gari la kuvuta.

Miaka ikaenda. Armand alikufa. Ghala la viazi lilifungwa, mashamba madogo yakamezwa na makubwa. Vijana wakahamia kusini kwenye mabenki na mahoteli, na waliobaki wakajifunza kutazama kila kitu kupitia kioo cha simu. Naambiwa nazeeka vibaya. Huenda. Lakini naweza kuhesabu, na nilihesabu watu wa kusukuma: mwaka 1990, thelathini na zaidi wakiruka topeni gari likizama. Mwaka 2010, sita, na wanne kati yao walikuwa na mvi.

Mwaka 2012 kamati yetu ikaipa kampuni ya mjini mbio zetu. Walikuja na uzio wa chuma, vyoo vya plastiki na vibanda vya vyakula vilivyokaangwa mahali pengine. Shimo la maharage likafukiwa kwa sababu ya afya. Padri akaombwa abariki akiwa nje ya uzio. Na Rosaire akaletewa barua kwamba mtu wa kuvuta magari lazima awe na cheti, bima, na mikono kamili. Barua ilitiwa sahihi na wanakamati watano, na baba za wote watano Rosaire alishawatoa matopeni. Wawili kati yao aliwatoa wenyewe.

Nilikwenda kwake jioni hiyo. Barua ilikuwa mezani, chini ya kikombe.

"Usiende," nikamwambia. "Waache na takataka zao."

"Nitakwenda."

"Kufanya nini?"

"Kungoja gari la mwisho. Hilo halihitaji cheti." Alikohoa kwa muda. Mapafu yake yalikuwa yameanza kumsaliti, vumbi la viazi la miaka thelathini na minane. "Mambo mengine wachukue, Profesa. Uzio, choo, sijali. Nataka kuona tu kama watu watangoja. Wakingoja, mbio bado ni zetu."

Tulikwenda. Tuliketi kwenye viti vyetu vya kukunja nyuma ya uzio. Magari yalikuwa yameletwa kwenye matrela kutoka majimbo mengine, yana matairi marefu kuliko mtu, na yalipita shimoni kama yanavuka dimbwi barabarani. Ukisema kweli yalikuwa mazuri kutazama. Mara mbili gari lilikwama, na katapila la njano likanyoosha mkono wake, likalinyanyua, likaliweka nje kwa dakika tatu. Dereva hakushuka. Hakuna aliyepata tope.

"Kazi safi," alisema Rosaire, na sikuona kejeli usoni mwake.

Wa mwisho kuingia alikuwa Réjean Cyr, mjukuu wa Armand, ndiye pekee wa kwetu, na pikapu ya zamani ya babu yake. Ilifika katikati. Injini ikapiga kelele, ikakohoa moshi, ikanyamaza. Gari likashuka mpaka tope likafika kwenye vitasa vya milango. Réjean akatoka kupitia dirishani akapanda juu ya paa, akapunga mikono kwa watu.

Na watu walikuwa wanaondoka.

Sikuelewa mwanzoni. Nilidhani wanakwenda kuleta kamba. Lakini walikuwa wanakunja viti, wanabeba watoto, wanatafuta funguo za magari. Katapila lilikuwa tayari limepandishwa kwenye trela, mnyororo wa mwisho unafungwa. Mkataba wake ulikwisha saa kumi na moja, na ilikuwa saa kumi na moja na robo. Mvua ikaanza. Kijana mmoja wa jaketi la njano akaja kwetu.

"Wazee wangu, samahani, tunafunga geti."

"Gari bado limo," alisema Rosaire.

"Litatolewa Jumatatu, mzee. Mashine itarudi."

"Leo ni Jumamosi."

"Ndiyo, mzee."

"Na yule juu ya paa? Naye mpaka Jumatatu?"

Kijana akageuka, akamwona Réjean kwa mara ya kwanza. "Yule anaweza kutembea tu," akasema.

"Trekta yangu iko nusu maili kutoka hapa. Dakika ishirini."

"Siruhusiwi, mzee. Kitu kikitokea nafukuzwa kazi." Alisema kwa upole. Si yeye niliyemchukia.

"Basi kafunge geti lako, mwanangu," alisema Rosaire. "Sisi tutakaa na Réjean."

Kijana aliufunga mnyororo mwembamba wa geti, akauacha bila kufuli, akaenda zake. Réjean alifika kwetu akiwa na tope mpaka kiunoni na soksi moja, akajaribu kucheka.

"Mjomba Rosaire, nenda nyumbani, utapata homa. Ni bati tu lile."

"Lilikuwa la babu yako."

"Najua lilikuwa la nani."

"Basi keti."

Aliketi kwenye nyasi. Tukakaa watatu chini ya mvua, tunatazama paa la pikapu. Sijui kilichonisukuma. Labda ni vile uwanja ulivyokuwa mtupu. Miaka ishirini na minne nilikuwa nimelibeba neno, na sasa hapakuwa na maharage wala vicheko vya kujificha nyuma yake.

"Rosaire," nikasema. "Mwaka ule wa mkono wako. Mnyororo sikuuosha."

Hakugeuka. "Pete ya arobaini kutoka kwenye kulabu," alisema. "Niliitafuta ile iliyokatika. Ilikuwa na tope kavu ndani ya ufa. Tope lenye rangi nyeupe ya Bibi Arusi wako."

"Ulijua."

"Nilijua kabla sijafika hospitali."

"Miaka yote hii! Mbona hukusema?"

Aliusugua mkono ule wa vidole vitatu juu ya goti.

"Ungeacha kuja," alisema.

Réjean aliinamisha kichwa, akajifanya anakamua soksi.

Tulikaa mpaka giza lilipoanza kuingia na Noëlla akaja na gari kumchukua baba yake. Alimbeba karibu kama mtoto. Gari la Réjean lilibaki. Hiyo ndiyo mara ya kwanza tangu 1971 gari kulala shimoni, na nilimwona Rosaire akigeuka nyuma kulitazama kupitia kioo mpaka barabara ilipokata kona. Noëlla aliniambia baadaye kwamba usiku ule Rosaire aliuliza jambo moja tu, "Walikuwa wangapi walioondoka?" Naye akajibu hakuwahesabu.

Alifariki Januari. Huku kwetu ardhi ya Januari haichimbiki. Jeneza hulazwa kwenye kibanda cha mawe cha makaburini mpaka theluji iyeyuke, kwa hiyo misa ilisomwa wakati wa baridi na maziko yakangoja Mei. Mei ni mwezi wa matope. Kila mtu aliyezaliwa hapa anajua usiingize gari zito kwenye njia ya makaburi mwezi wa Mei. Lakini nyumba ya mazishi nayo sasa ni ya watu wa mjini, na dereva wao alikuja na gari refu jeusi kulichukua jeneza kibandani na kulipeleka kaburini, ng'ambo ya mteremko. Alifika katikati. Magurudumu ya nyuma yakazunguka, yakachimba, na gari likakaa chini polepole, namna ile ninayoijua.

Walikuwepo watu kama sitini. Kisha mtu mmoja akacheka, akaziba mdomo.

Dereva alipiga simu. Gari la kuvuta lingekuja kutoka mjini baada ya saa moja na nusu. Upepo ulikuwa mkali. Watu walianza kutazama saa. Wakaanza kuja mmoja mmoja kwa Noëlla, wakamshika mikono yote miwili, wakasema pole sana, nina mgonjwa nyumbani, nina zamu ya kazini, unaelewa. Alisema anaelewa. Walipomaliza kuondoka tulibaki saba: Noëlla, padri, mimi, Réjean, wachimba kaburi wawili, na dereva aliyekuwa akisema samahani bila kukoma.

Noëlla aliitazama njia tupu. Alikuwa na koti jeusi na viatu vya kanisani.

"Baba bado hajatoka," akasema. "Réjean, nipeleke nyumbani."

Baada ya robo saa tulisikia injini ya ile trekta kabla hatujaiona. Noëlla alikuja ameketi pale alipoketi baba yake, koti limefungwa kiunoni, mnyororo umezungushwa kwenye nguzo ya nyuma. Nililala chali kwenye tope kwa suti yangu ya pekee, nikaifunga kulabu kwenye chasisi, si kwenye bampa. Dereva alipiga kelele kuhusu rangi ya gari.

"Nyamaza, baba," Réjean alimwambia. "Shika usukani, uende moja kwa moja. Na ukisikia mimi nasema acha, uache."

Tukasukuma nyuma, padri na wachimbaji na mimi na Réjean, kanzu na suti na mvi, na Noëlla akavuta taratibu, taratibu, bila mshtuko. Tope lilinirukia machoni. Gari likatoka. Tulimzika Rosaire tukiwa tumechafuka wote, na padri alisoma sala akiwa hana viatu.

Baadaye Noëlla aliufungua mnyororo, akasimama nao mikononi, unadondosha tope juu ya viatu vyake. Kulikuwa na ndoo ya wachimbaji kando ya bomba. Sote tulijua kwamba aliyevutwa ndiye anayeosha.

"Nipe mimi," nikasema.

"Mjomba Onésime, una miaka sabini na mbili. Maji ni barafu. Acha, nitaosha nyumbani."

"Nipe, mwanangu. Kuna pete moja sikuiosha."

"Pete gani?"

Réjean alimgusa bega, naye hakuuliza tena. Akanipa.

Niliosha nikiwa nimepiga magoti. Pete mia na themanini na sita, kwa kidole, mpaka vidole vikafa ganzi na ikabidi nivipulizie. Padri alisema ana misa saa kumi, lakini hakuondoka. Wachimbaji walikalia majembe yao. Dereva wa mjini alizima injini akaja kusimama nasi, sijui kwa nini, labda aliona aibu kuondoka. Wote saba tulikuwepo nilipofika kwenye kulabu ya pili.

Noëlla hakuutaka urudi nyumbani kwake. Uko kwangu, kwenye msumari wa ghalani, nimeupaka grisi. Kampuni haikurudi Agosti iliyofuata. Walipata shamba kubwa zaidi karibu na barabara kuu, na bonde la Armand sasa limepandwa viazi vya watu wengine. Sijui mtu akikwama siku hizi atamwita nani. Lakini mnyororo ni mzima. Nimeupitia tena wiki hii, pete kwa pete, na hauna ufa.